Ajali haina kinga, lakini ajali ya pili inayo

KWANZA husikika mlipuko mzito, kisha mtetemo unaopanda kutoka sakafuni hadi kwenye usukani. Gari huanza kuvutwa upande mmoja. Dereva ambaye dakika moja iliyopita alikuwa akiwazia chakula cha mchana Mtito Andei hujikuta ana sekunde chache tu za kuamua jambo ambalo huenda hajawahi kulifikiria maishani.

Wengi huponea hapo. Gari hupunguza mwendo, husimama kando ya barabara, na waliomo hushusha pumzi na kumshukuru Mungu. Kisha milango yote hufunguliwa kwa pamoja, abiria humiminika barabarani kutazama tairi lililopasuka, na dereva huchutama upande wa barabara, mgongo wake ukiwa umeelekea magari yanayokuja.

Hatari iliyo kubwa zaidi huanzia hapo.

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Kuhusu ajali ya kwanza, huenda walisema kweli, kwani msumari ulioanguka kutoka kwa lori la mabati hauchagui tairi la nani. Lakini ajali ya pili, ile inayowakuta watu wakihangaika kando ya gari lililokwama, ina kinga. Kinga yenyewe haihitaji ufundi mkubwa wala fedha nyingi. Inahitaji dereva kukumbuka kwamba kazi yake ya kwanza si tairi. Ni watu, kisha mahali, kisha onyo kwa wengine. Tairi huja mwisho.

Hesabu ya sekunde

Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa husafiri karibu mita 28 kila sekunde. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa malori makubwa nchini, husafiri mita 22 kila sekunde.

Dereva aliye macho huhitaji takriban sekunde moja na nusu kuona kitu barabarani, kutambua kwamba kimesimama, na kuhamisha mguu hadi kwenye breki. Katika muda huo lori la kilomita 80 kwa saa limekwisha kusonga mita 33, na breki bado haijaguswa. Baada ya hapo ndipo lori lenye shehena huanza kupunguza kasi, nalo halisimami papo hapo. Mvua ikinyesha, au dereva akiwa na usingizi, umbali huo huongezeka zaidi.

Hii ndiyo sababu pembetatu ya tahadhari iliyowekwa hatua kumi nyuma ya gari, kama inavyoonekana mara nyingi katika barabara zetu, haimsaidii mtu yeyote. Anayeiona huwa amekwisha kulifikia gari lenyewe.

Kukaa nje ya lami pia si dhamana. Mnamo Juni 30, 2023, lori lililopoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, kwenye barabara ya kutoka Kericho kwenda Nakuru, liliwavamia wachuuzi, watembea kwa miguu na magari yaliyokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walipoteza maisha. Wengi wao hawakuwa barabarani. Walikuwa pembeni mwake.

Tairi likipasuka gari likiwa mbioni

Silika humwambia dereva akanyage breki kwa nguvu. Hilo ndilo kosa la kwanza. Gurudumu lisilo na upepo huburuta gari upande wake, na breki ya ghafla huongeza mvuto huo hadi gari likageuka au kupinduka.

Inavyofaa ni kuushika usukani kwa mikono yote miwili na kulishikilia gari katika mstari wake, huku mguu ukiondolewa polepole kwenye kichapuzi. Gari huanza kupunguza kasi lenyewe. Mwendo ukisha kushuka, dereva huwasha ishara ya kushoto, hutazama kioo na kujitoa barabarani taratibu. Breki, ikihitajika, huguswa kwa wepesi mwishoni.

Si kila panchari hutangaza kuja kwake kwa mlipuko. Nyingine hupunguza upepo kidogo kidogo. Usukani huwa mzito, gari huelemea upande, na mlio wa kupigapiga husikika kutoka chini. Dereva anayehisi dalili hizo na akaendelea kwa kilomita 100 kwa saa, akitumaini kufika mji ujao, huwa anaigeuza panchari ndogo kuwa tairi lililopasuka.

Mahali pa kusimama

Madereva wengi husimama palepale tairi lilipoishia, kwa kuhofia kuharibu rimu. Ni kweli kwamba kuliendesha gari juu ya tairi bapa huliharibu tairi, na huweza kupinda rimu. Lakini vyote viwili vinauzwa madukani.

Ikiwa gari lingali linaweza kujikokota, ni afadhali lisogezwe polepole, taa za dharura zikiwaka, hadi mahali palipo wazi, tambarare na pagumu, ambapo magari ya pande zote mbili yanaweza kuliona kutoka mbali. Kituo cha mafuta, uwanja wa soko au njia ya kuingilia shamba hufaa zaidi kuliko ukingo mwembamba wa barabara kuu.

Zipo sehemu ambazo kamwe hazifai: kwenye kona, mara tu baada ya kilele cha mlima, juu ya daraja na kwenye mteremko. Ukungu nao huifanya sehemu iliyo salama saa saba mchana kuwa mtego alfajiri. Wanaosafiri kwenda Nakuru wanafahamu jinsi ukungu wa Kinale na Kimende unavyoweza kulificha trela zima.

Katika barabara yenye safu kadhaa za magari, kama ile ya Thika, hatari huwa kubwa zaidi kwa gari lililokwama katika safu ya kati au ya kulia. Hapo si mahali pa kutoa jeki. Iwapo gari haliwezi kusogea hata kidogo, taa za dharura huwashwa, watu hutoka pale tu inapowezekana kuvuka salama, na msaada wa polisi au wa gari la kukokota huitwa. Nambari za dharura nchini ni 999 na 112.

Watu kwanza

Gari likisha kusimama, abiria hushuka kupitia milango ya kushoto, ule upande usioelekea magari. Watoto hushikwa mkono. Wote husogea mbali na barabara, wakivuka mtaro ikiwa upo, na kusimama nyuma kidogo ya gari, upande ambako magari yanatoka, badala ya mbele yake. Gari lililokwama likigongwa kutoka nyuma, husukumwa mbele, na yeyote aliyesimama mbele yake hulipokea.

Abiria wa matatu wana sababu ya kulizingatia hili zaidi, kwani wao ni wengi na hupenda kukusanyika mlangoni kubishana na kondakta kuhusu nauli. Mjadala huo unaweza kufanyika vilevile ng'ambo ya mtaro.

Onyo kwa wengine

Sheria za trafiki nchini humtaka mwenye gari kubeba pembetatu za tahadhari, zile ambazo madereva huziita laifseva. Aghalabu hununuliwa kwa ajili ya polisi wa trafiki, kisha zikabaki chini ya magunia kwenye buti hadi ukaguzi mwingine.

Kazi yake halisi ni kununua muda. Ikiwekwa mita 50 nyuma ya gari, pembetatu humpa dereva wa lori la kilomita 80 kwa saa sekunde zipatazo mbili baada ya kuipita. Ikiwekwa mita 100, muda huo huwa sekunde nne na nusu, na hapo anaweza kupunguza mwendo au kupisha bila papara. Katika barabara kuu, basi, dereva ahesabu zaidi ya hatua 100 ndefu. Hatua 100 za mtu mzima ni kama mita 70 au 80.

Katika barabara ambamo magari hupishana, pembetatu moja huwekwa nyuma na nyingine mbele. Palipo na ukuta au bustani ya kutenganisha pande mbili, zote huwekwa nyuma, moja mbali na nyingine karibu zaidi. Gari likikwama baada ya kona au kilele, pembetatu huwekwa kabla ya kona au kilele hicho, kwa maana onyo linaloonekana pamoja na hatari yenyewe si onyo.

Anayeipeleka hutembea nje ya lami, akiwa ameishika mbele yake ili imulikwe na taa za magari. Koti la kuakisi mwanga, kama wanalovaa waendeshaji wa bodaboda, lafaa kukaa chini ya kiti cha dereva, si ndani ya buti, ili livaliwe kabla ya mlango kufunguliwa.

Wasio na pembetatu hukata matawi na kuyatandaza barabarani. Mchana, matawi ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Usiku hayaakisi mwanga wowote, na dereva anayekuja huyaona akiwa juu yake. Baya zaidi ni mawe. Hutumiwa kuzuia magurudumu, kisha gari likisha kutengenezwa dereva huondoka kwa haraka na kuyaacha palepale. Saa tatu baadaye, gizani, mwendeshaji wa pikipiki hulikuta jiwe hilo. Aliyeliacha huwa amefika kwake, amekula na kulala, asijue kamwe alichokitenda.

Sasa tairi

Watu wakiwa salama na onyo likiwa limewekwa, kubadilisha gurudumu ni kazi ya dakika 20 hivi kwa mtu asiye na pupa.

Injini huzimwa na breki ya mkono hukazwa. Gari la gia za kawaida huwekwa katika gia ya kwanza, na la gia za otomatiki huwekwa katika alama ya P. Kisha kabari, iwe ya mbao au jiwe, huwekwa kwenye gurudumu lililo mkabala kwa pembe na lile linalobadilishwa. Jambo hili hupuuzwa sana. Katika magari mengi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma pekee. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa, nguvu ya breki hiyo hupungua, na gari laweza kujongea na kuangusha jeki.

Nati hulegezwa kabla ya gari kuinuliwa. Zikilegezwa gurudumu likiwa hewani, huzunguka nalo, na nguvu zinazotumiwa huweza kulisukuma gari litoke juu ya jeki. Hulegezwa kwa kuzungusha kinyume cha mwendo wa saa, kiasi cha nusu mzunguko tu. Ni salama zaidi kwa mgongo kuisukuma spana chini kwa uzito wa mwili kuliko kuivuta juu. Baadhi ya magari huwa na nati moja yenye kufuli inayohitaji ufunguo wake maalumu, na bila ufunguo huo kazi yote hukwama.

Jeki huwekwa mahali palipoonyeshwa katika kitabu cha gari, ambapo kwa kawaida ni sehemu iliyoimarishwa kwenye ukingo wa chini ya mlango, karibu na gurudumu. Ikiwekwa penye bati jembamba, hulitoboa. Ardhi ikiwa laini, kipande kipana cha mbao ngumu hutandikwa chini ya jeki. Jiwe halifai, kwani huteleza au kupasuka. Hakuna mtu anayepaswa kubaki ndani ya gari linapoinuliwa.

Kanuni moja haina ubaguzi: kiungo chochote cha mwili kisiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee. Madereva wazoefu hulilaza gurudumu la akiba chini ya ubavu wa gari, karibu na jeki, na kubadilishana nalo lile bovu linapotolewa. Jeki ikiteleza, gari huangukia gurudumu badala ya mguu wa mtu.

Gurudumu jipya likisha kuingia, nati hurudishwa kwa mkono, upande wake uliochongoka ukielekea ndani. Hukazwa kiasi, gari huteremshwa, kisha hukazwa kikamilifu kwa kuvuka: nati moja, halafu ile inayoikabili, hadi zote ziishe. Zikikazwa kwa kufuatana kama shanga, gurudumu huweza kukaa upande na nati zikalegea baadaye. Baada ya mwendo wa kilomita 50 hadi 100, hukaguliwa tena.

Kabla ya kuondoka, dereva huokota vyote: kabari, matawi, mawe. Pembetatu hukusanywa mwisho.

Magurudumu ya malori na mabasi yaliyo na pete ya chuma ya kubana tairi ni suala jingine. Pete hiyo ikifyatuka tairi likijazwa upepo, huruka kwa nguvu ya kuua. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye kizimba cha chuma cha kuwekea gurudumu, wala si ya utingo na dereva kando ya njia.

Usiku na nyikani

Usiku, swali la usalama huwa na pande mbili. Ipo hatari ya magari, na ipo hatari ya watu. Dereva akiashiriwa na wasiojulikana kwamba gurudumu lake lina kasoro, au akikuta mawe yamepangwa barabarani, ni busara kuendelea polepole hadi penye mwanga na watu, kama kituo cha polisi au cha mafuta. Simu yenye chaji na jina la mji wa mwisho uliopitwa humsaidia anayeitwa kujua aanzie wapi kutafuta.

Kati ya Mtito Andei na Voi, barabara ya Mombasa hupita baina ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na wanyama huikaribia. Anayekwama huko usiku na kuweza kuliondoa gari kabisa kwenye lami, afadhali asubiri akiwa ndani, taa za dharura zikiwaka, kuliko kuingia vichakani.

Injini ikichemka, kifuniko cha rejeta hakifunguliwi hadi ipoe kabisa. Maji yaliyobanwa ndani yake huwa moto kupita kiwango cha kuchemka, na huruka usoni mara kifuniko kinapolegea.

Wale wanaosimama kusaidia nao wana wajibu. Mnamo Januari 31, 2009, lori la mafuta lilianguka Sachang'wan, karibu na Molo, na umati ukakimbilia kuteka mafuta yaliyomwagika. Moto ulilipuka na kuwaua zaidi ya watu 100. Penye harufu ya mafuta, msaada wa kwanza ni kuwaondoa watu na kupiga simu.

Kinga huanza nyumbani

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Matairi mengi hayapasuki kwa bahati mbaya. Tairi lenye upepo haba hujikunja kila linapozunguka, hupata joto, na hatimaye nyuzi zake za ndani huachana. Imani kwamba upepo upunguzwe kwa sababu ya joto la Voi au Mariakani ni potofu, kwani kuupunguza ndiko kunakozidisha joto.

Kiwango sahihi huandikwa kwenye kibandiko kilicho katika nguzo ya mlango wa dereva. Magari yaliyotumika kutoka Japani mara nyingi huonyesha kipimo cha kilopaskali. 220 kwa kipimo hicho ni sawa na 32 kwa kile kinachotumiwa na mafundi wetu. Hupimwa tairi likiwa baridi, kabla ya safari.

Umri nao husomeka. Ubavuni mwa tairi pana tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye maua marefu laweza kuwa mzee ambaye mpira wake umekauka na kuanza kupasuka nyufa ndogo ndogo.

Mwisho, kuna gurudumu la akiba, ambalo hukumbukwa siku ya msiba tu. Lipimwe upepo pamoja na yale manne. Likiwa lile jembamba la muda, lisipitishwe kilomita 80 kwa saa, na libadilishwe mara moja panapopatikana fundi. Magari mengine hayana gurudumu hilo kabisa, ila chupa ya dawa ya kuziba na pampu ndogo, navyo havisaidii tairi lililochanika ubavuni. Mwenye gari anastahili kulijua hilo akiwa bado uani kwake.

Uani ndiko pia pa kujifunzia. Dereva aliyewahi kuitoa jeki na kubadilisha gurudumu Jumamosi alasiri, watoto wakimtazama, hatakuwa akisoma kitabu cha gari kwa mwanga wa simu usiku wa manane karibu na Sultan Hamud, malori yakimpita kwa kishindo mita moja kutoka mgongoni.